Ndege haipozi samaki

Naanza na hilo kwa sababu wafanyabiashara wengi wa Kisumu, Homa Bay na Nakuru wanaotaka kupeleka chakula ng'ambo huniuliza kwanza bei ya kilo, kisha siku ya ndege. Joto la mzigo huulizwa mwisho, kama linaulizwa. Wanaamini kwamba boksi likishafika uwanjani limeokoka. Tumbo la ndege halikujengwa kushusha joto la chakula. Linaweza kuwekwa kwenye kiwango fulani cha ubaridi, na hata hilo hutegemea aina ya ndege na mizigo mingine iliyomo. Minofu ya mbuta (sangara) ikipakiwa ikiwa na nyuzi 8, usitegemee kuipokea Amsterdam ikiwa na nyuzi 2.

Kwa hiyo kazi kubwa iko ziwani. Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa karibu nyuzi 25, na mbuta anayetolewa wavuni ana joto hilohilo. Ili kumshusha hadi nyuzi 0, kila kilo ya samaki huyeyusha zaidi kidogo ya robo kilo ya barafu. Hiyo ni hesabu ya sanduku lisilopitisha joto hata chembe, na sanduku hilo halipo duniani. Ndani ya mtumbwi, jua likiwa la utosi na kifuniko kikifunguliwa kila mara, weka kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Iwe imepondwa ili imguse samaki kila upande, ipangwe tabaka kwa tabaka, na maji yake yapate pa kutokea.

Najua barafu ni ghali na katika fuo nyingi haipatikani karibu. Lakini tazama gharama ya kuikosa. Samaki aliyekaa kwenye nyuzi 10 huharibika kwa kasi ya takriban mara nne ya yule aliyelala kwenye barafu ya nyuzi 0. Saa sita za kusubiri lori kwenye fuo kama Uhanya au Sori ni kama siku nzima iliyokatwa kwenye maisha yake, na hakuna chumba cha baridi cha kiwandani kitakachoirudisha. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mvuvi amekesha majini, samaki ni mzuri, halafu anashushwa daraja na kuuzwa kwa bei ya hasara kwa sababu ya magunia machache ya barafu. Kama kaunti za kando ya ziwa zingeniuliza pesa ziende wapi kwanza, ningesema mitambo ya barafu ufuoni, kabla ya jengo lingine lolote.

Kiwandani minofu hupozwa tena hadi karibu nyuzi 0, kisha huingia kwenye boksi la polisterini lenye karatasi ya plastiki ndani na pakiti za jeli iliyogandishwa. Barafu ya kawaida hatuitumii humo, kwa kuwa maji ya samaki yakivuja hula bati la ndege, na kampuni za ndege hukataa katika mizani boksi lolote lililolowa.

Wengi huuliza kuhusu barafu kavu. Hiyo ni gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Haigeuki maji, hurudi kuwa gesi moja kwa moja, na kilo moja hutoa zaidi ya lita 500. Ukiifungia kwenye boksi lisilo na pa kupumulia, boksi hupasuka. Gesi hiyo pia husukuma hewa safi nje, ndiyo sababu barafu kavu imo kwenye orodha ya mizigo hatari, daraja la 9, kwa namba UN 1845, na uzito wake lazima uandikwe juu ya boksi. Mimi huitumia kwa vyakula vilivyogandishwa tu. Ukiiweka juu ya minofu mibichi huiunguza kwa baridi: ngozi ya juu huganda, ikiyeyuka nyama inalegea na kutoa maji, na mnunuzi aliyelipia samaki mbichi ana haki ya kukataa.

Barabara nayo ni safari kamili. Kutoka Kisumu hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kwa kupitia Kericho, Mau Summit, Salgaa, Nakuru na Naivasha, ni kama kilomita 350, na msongamano ukishika Gilgil hujui utafika saa ngapi. Nimewahi kupokea lori ambalo dereva alikuwa amezima mashine ya baridi njiani ili abakize dizeli. Milango ilipofunguliwa minofu ilionekana safi kabisa kwa macho. Kifaa cha kurekodi joto ndicho kilichosema ukweli. Tangu hapo hakuna mzigo wangu unaoondoka bila kifaa hicho katikati ya maboksi, si mlangoni. Kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na tani moja ya samaki.

Ndege nyingi za mizigo hupaa Nairobi usiku au alfajiri. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, hivyo ndege haiwezi kuinuka na mzigo wake wote. Eldoret, iliyo juu zaidi, ina njia ndefu ya kurukia ya kilomita 3.5 tangu 1997, na watu wa magharibi huuliza kwa nini tusipakie pale. Ningependa sana. Lakini uwanja haupati mzigo kwa kuwa na njia ndefu tu. Unahitaji vyumba vya baridi, wakaguzi walio tayari usiku, na tani za kutosha kila wiki ili ndege iwe na sababu ya kuja.

Kuhusu bei, fahamu kwamba unalipia nafasi kama vile uzito. Zidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, ugawe kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 30 linatoka kilo 12, nazo ndizo utakazolipia, hata kama ndani mna kilo 8 za minofu.

Walio Nakuru wenye mishiri (maharagwe mabichi ya maganda) na parachichi wasinakili joto la samaki. Mishiri ikishuka chini ya nyuzi 5 kwa muda huota madoa kama kutu. Na usiichanganye na parachichi linaloiva, kwani gesi yake ya ethilini huzeesha mboga. Samaki waliogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri wapande meli Mombasa, hata pale meli zinapolazimika kuzunguka Afrika Kusini, kama nyingi zilivyofanya baada ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu kuanza mwisho wa 2023. Kulipia ndege kwa kitu kinachoweza kungoja miezi ni kutupa pesa, isipokuwa ni sampuli.

Karatasi zianze kabla ya mavuno. Samaki wa kuuza Ulaya lazima wawe na cheti cha afya cha serikali na watoke kwenye kiwanda kilichoidhinishwa; ukali huo si bure, kwani mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko baada ya ripoti za watu kuvua kwa dawa za kuua wadudu. Kwa mazao ya shamba, cheti cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Tangu Desemba 2019 karibu kila tunda na mboga mbichi inayoingia Umoja wa Ulaya inakihitaji, hata mfuko mdogo wa osuga (mnavu) unaombebea dada yako Berlin. Yaliyosamehewa ni ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani.

Hati moja ikikosewa tarakimu, mzigo hulala kwenye kituo cha ukaguzi cha mpakani, na huko hakuna atakayeongeza jeli kwa niaba yako. Ndiyo maana sikubali minofu ya kutua Ulaya Jumamosi usiku, mpaka mpokeaji athibitishe kwa maandishi kwamba kituo kitafanya kazi Jumapili na lori lake la baridi litakuwa limefika.