Lori linapopanda Kitonga, lami hubeba nini?

Gurudumu la lori lenye shehena linapopita juu ya barabara ya lami, barabara hubonyea kwa sehemu ndogo ya milimita, kisha hurudi karibu kabisa pale ilipokuwa. Neno "karibu" ndilo linalonipa kazi, kwa sababu kile kidogo kisichorudi, kikijirudia mara mamilioni, ndicho tunachokuja kukiona kama mifereji ya magurudumu.

Hesabu za mwitiko huo zina historia ndefu. Mwaka 1885 Mfaransa Boussinesq alionyesha jinsi mkazo unavyosambaa ndani ya ardhi iliyo sawa kila mahali inapobebeshwa mzigo, na mwaka 1943 Burmister, huko Marekani, akaipanua hesabu hiyo ihusu tabaka zenye ugumu tofauti. Programu tunazotumia leo bado zimesimama juu ya kazi yake: kila tabaka hupewa unene, ugumu, na kipimo cha jinsi linavyotanuka pembeni linapogandamizwa. Tukishapata majibu, tunatazama hasa sehemu mbili. Ya kwanza ni chini kabisa ya lami, ambako lami huvutika na kuanza kupasuka kutoka chini kwenda juu. Ya pili ni uso wa udongo wa asili, ambao ukigandamizwa kupita kiasi hudidimia na kuyavuta matabaka yote ya juu.

Uzito wenyewe huadhibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, yaliyofanyika Ottawa, Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), na mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999 unatumia kipeo cha 4.5. Kwa kipeo hicho, ekseli iliyozidishwa kutoka tani 10 hadi tani 12, yaani kwa asilimia 20 tu, huiharibu barabara zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mizani ya barabarani nailinda kwa moyo wote ninapozungumza na wasafirishaji wanaoiona kuwa usumbufu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mizani hailioni, na modeli ya kawaida pia hailioni: mwendo. Katika mlima Kitonga, mkoani Iringa, malori yanayoelekea Tunduma hupanda kwa gia ndogo, na lori linalokwenda kilomita 10 kwa saa huilemea kila sehemu ya lami kwa muda mrefu mara nane kuliko lile linalokwenda kilomita 80. Kwa chuma tofauti hiyo isingekuwa na maana. Kwa lami ina maana kubwa, kwa sababu bitumeni, ile gundi nyeusi inayoshika kokoto za lami, ni kitu cha tabia mbili: ukiipiga kwa nyundo inajibu kama jiwe, lakini ukiitwisha mzigo na kuuacha juani, inaukubali mzigo huo polepole na hairudi mahali pake. Jua la mchana huipandisha lami ikapita nyuzi 50, na kwa joto hilo ugumu wake huwa sehemu ndogo tu ya ule iliokuwa nao alfajiri.

Nilijifunza hili kwa gharama. Nikiwa bado mgeni katika kazi, niliingiza kwenye hesabu ya kipande cha mlima ugumu wa lami uliotoka kwenye jedwali la nchi ya baridi, na matokeo yakasema kwamba udongo wa asili uko salama. Ulikuwa salama kweli. Tulipochimba mtaro kukatiza mifereji iliyojitokeza baadaye, tulikuta tabaka za kokoto zimelala sawasawa kama zilivyoshindiliwa; kilichohama ni lami yenyewe, imesukumwa pembeni kutoka chini ya magurudumu na kuinuka kama kingo za mfereji. Modeli haikusema uongo: niliiuliza habari za udongo, nayo ikanijibu habari za udongo.

Tangu hapo barabara ndefu siipi hesabu moja. Naigawa kulingana na mteremko, na kila kipande nakipigia hesabu kwa mwendo halisi wa malori na kwa joto la nyakati tatu: alfajiri, mchana na usiku wa mapema, kwa kuwa lami hubaki na joto saa kadhaa baada ya jua kuzama na malori mengi husafiri muda huo. Kwenye kipande cha kupanda, kuongeza unene wa lami laini husaidia kidogo sana, na wakati mwingine ni kuongeza tu nyenzo ya kuhama. Hapo naagiza bitumeni ngumu zaidi na kokoto zilizopondwa zenye kona zinazoshikana, kisha naomba mchanganyiko upimwe chini ya gurudumu linalopita mara maelfu kwenye joto la nyuzi 60 kabla haujamwagwa barabarani.