Chuchu Itabaki, Ila Usiikande na Maji Moto

Haipiti wiki hapa kliniki bila mama mmoja kuingia, kufunga mlango taratibu, akaketi, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari, nasikia siku hizi wanatoa ziwa lenye kansa lakini chuchu wanaiacha, ni kweli hayo?" Ni kweli mama, tena si jambo la jana, Angelina Jolie, yule mwigizaji wa sinema wa Marekani, alifanyiwa hivyo pande zote mbili na mwaka 2013 akaeleza mwenyewe, yeye hakuwa na kansa ila alirithi jeni mbovu ya BRCA1, inayomweka mtu kwenye hatari kubwa ya kansa ya ziwa (jeni, si jini, hapa Mombasa lazima niseme wazi).

Inavyofanyika ni hivi, daktari mara nyingi anapasua pale chini ziwa linapokunjana na kifua, anatoa nyama ya ndani, ngozi na chuchu zinabaki kama foronya iliyotolewa mto, halafu inajazwa tena kwa silikoni ama kwa mafuta ya tumboni mwako mwenyewe. Kipande kidogo cha nyuma ya chuchu kinapelekwa maabara, na wakikuta kansa hapo basi chuchu nayo itatoka hata kama mlikubaliana ibaki. Haya tunakwambia mapema, usije ukaamka ukatuona waongo.

Watu wanaogopa kansa itarudi palepale. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, uvimbe uko mbali na chuchu na ngozi haijashikwa, kurudi kwenye chuchu ni nadra. Lakini kama chuchu inatoa damu ama imevutwa ndani kwa sababu ya uvimbe, mie sitakushauri uing'ang'anie, na ukweli unaouma ni kwamba wengi wetu twaja hospitali uvimbe ushakuwa mkubwa.

Sasa siku za kwanza, hapo ndo kuna kazi. Chuchu imenyang'anywa njia nyingi za damu, yaishi na kile kinachopita kwenye ngozi peke yake, kwa hivyo kila tukibadilisha bandeji twaiangalia, twaigusa kama ina joto, twaibonyeza tuone rangi inarudi haraka ama inakawia. Ikichubuka juu juu ikatoa gamba usilie, mara nyingi ngozi mpya hutoka chini yake, mwanzo ya pinki halafu weusi warudi polepole. Ikifa kabisa inabidi itolewe. Wenye sukari isiyoshikika na wanaovuta sigara, na shisha pia jamani, msinifiche, hao ndo hatari yao kubwa, na walio na maziwa makubwa yaliyolala nao pia. Ukipigwa miale ya kutibu kansa baadaye, kovu linaloizunguka silikoni laweza kukazana, ziwa likawa gumu.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalitarajii: chuchu utaiona lakini kuisikia, wengi hawaisikii tena, ama wasikia kidogo tu, na kunyonyesha upande huo hakuna. Waume waelezwe pia, si siri ya mke peke yake.

Na ganzi hiyo ina balaa lake. Sisi wa Pwani mtu akiumwa ni kukandwa maji moto, mtu akitoka ni kujifukiza udi. Mama mmoja alijifukiza siku ya harusi ya bintiye, chetezo chini ya leso, hakusikia chochote mpaka alipoona majimaji kwenye sidiria, kumbe ni lengelenge ukubwa wa shilingi ishirini. Udi fukiza nguo, ikipoa ndo uvae. Maji moto, chupa ya moto, kifuani hapana, hata baada ya mwaka.

Ukiona chuchu imekuwa baridi, imegeuka buluu-nyeusi, ama ziwa limevimba na una homa, usitume picha WhatsApp ukangoja kujibiwa manake kwa simu ngozi zetu zote zaonekana sawa, panda matatu uje, hata kama si siku yako ya kliniki.