Hifadhi ya mbegu shambani maana yake nini?

Ikitajwa hifadhi ya mbegu za asili, wengi hufikiria jokofu. Majokofu yapo, na yanafanya kazi. Huko Svalbard, Norway, kuna ghala lililochimbwa ndani ya mlima na kufunguliwa mwaka 2008. Mbegu hukaa humo kwenye nyuzijoto hasi 18. Vita vya Syria vilipoitenga benki ya mbegu ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, karibu na Aleppo, mwaka 2015 watafiti wake walikwenda kuchukua akiba waliyokuwa wameiweka Svalbard, wakaipanda upya Lebanon na Moroko.

Hifadhi shambani ni kitu kingine. Ni wakulima wenyewe kuendelea kupanda, kuchagua na kupeana aina nyingi za zao moja, palepale zilipozoea kuota. Mbegu iliyogandishwa mwaka 1985 itatoka ikiwa ileile ya 1985, haijaonja ukame wala kukutana na fangasi waliozuka baadaye. Ya shambani kila msimu huipiga, na inayosalimika hupitia tena mikononi mwa mkulima.

Mtazame mkulima wa mtama siku ya kuchagua mbegu. Hasubiri nafaka iingie guniani. Anapita shambani mtama ukiwa bado umesimama, maana suke likishakatwa huwezi kujua mmea wake ulikuwaje. Anatafuta lililokomaa mapema, lenye bua ambalo upepo haukulilaza. Anachukua na jekundu lenye ukakasi, ingawa halisifiwi kwa ladha, kwa sababu ndege hulikwepa. Kila suke analolitenga lina sababu yake, na hakuna hata moja inayohusu kuiokoa dunia.

Lakini dunia inafaidika. Mwaka 1845 ugonjwa wa baka uliingia kwenye viazi vya Ireland. Maskini wengi walitegemea aina moja tu, Lumper, isiyokuwa na kinga. Siasa na umiliki wa ardhi viliongeza makali, na katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa. Kwa upande wa pili kuna shayiri ya Ethiopia: ndani yake ilipatikana jeni inayostahimili virusi vya udumavu wa manjano, na wazalishaji wa mbegu wakaiingiza kwenye shayiri ya California. Waliotangulia kuitunza shayiri hiyo, vizazi kwa vizazi, ni wakulima wadogo.

Hapo ndipo dhana hii inapokuwa ngumu. Kama aina ya asili inatoa magunia machache kuliko mbegu chotara, kwa nini mkulima mwenye ekari moja na ada za shule aipande kwa faida ya watu wa mbali? Binafsi siuamini mradi wowote unaomtaka awe mlinzi wa makumbusho. Kumsaidia maana yake ni kuzipa nguvu zile sababu zake mwenyewe, na pale zinapokwisha, kumlipa. Malipo hayo yamewahi kujaribiwa katika nchi kadhaa: jamii hupewa fedha au vifaa kwa kukubali kupanda aina zilizo hatarini kupotea. Kuna pia benki ya mbegu ya jamii, ambako mtu hukopa mbegu wakati wa kupanda na kurudisha kiasi hicho pamoja na nyongeza baada ya mavuno.

Kikwazo kinachosahaulika ni sheria. Katika nchi nyingi mbegu haiuzwi kihalali mpaka aina yake isajiliwe, na ili isajiliwe lazima mimea yake yote ifanane. Mbegu ya asili hushindwa mtihani huo kwa sababu ya uchanganyiko uleule unaoipa thamani. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, unazitambua haki za wakulima katika ibara ya 9, lakini utekelezaji umeachiwa serikali. Mwenye kupeana mbegu na jirani hawezi kujua anasimama wapi mpaka asome sheria ya nchi yake.

Shamba na jokofu si maadui. Karibu na Pisac, Peru, jamii za Wakechua, wenyeji wa milima ya Andes, zinaendesha Hifadhi ya Viazi, eneo wanakolima aina nyingi za viazi vya asili. Mwaka 2004 zilikubaliana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima kurudishiwa aina zilizokuwa zimekusanywa kwa wakulima wa Andes, zikiwa zimesafishwa virusi. Baadaye nazo zikapeleka mbegu zao Svalbard. Huku nyuma viazi vyenyewe havikubaki mahali pamoja: joto linavyoongezeka, wakulima wamekuwa wakivihamishia juu zaidi mlimani.