Integreta kwenye kompyuta ya analogia: maana yake na namna ya kuiunganisha kwenye paneli

Integreta ni sehemu ya kompyuta ya analogia, yaani mashine inayokokotoa kwa volteji badala ya tarakimu, inayolimbikiza volteji kadiri muda unavyopita. Ndani yake mna amplifaya yenye ukuzaji mkubwa sana, rezista kwenye njia ya kuingilia, na kapasita inayounganisha tokeo na ingizo. Rezista ikiwa 1 MΩ na kapasita 1 µF, ukiingiza volti 1 tokeo linasogea volti 1 kila sekunde. Rezista ikiwa 100 kΩ, linasogea volti 10 kila sekunde. Ndiyo maana matundu ya kuingilia kwenye paneli, yaani ubao wa matundu ya kuchomekea waya, huandikwa 1 na 10. Tokeo huelekea upande wa pili wa alama: ukiingiza chanya, linashuka. Hapo ndipo wengi wanapoponzeka.

Kwenye mashine nyingi amplifaya haiwi integreta mpaka uichomekee kapasita yake kwa plagi fupi. Ukisahau, amplifaya inabaki bila njia ya kurudisha tokeo, na taa ya kuzidiwa inawaka papo hapo.

Integreta ina hali tatu. Katika hali ya maandalizi, kapasita inachajiwa hadi thamani ya kuanzia. Katika ukokotoaji, maingizo yanafanya kazi. Katika kusimamisha, maingizo yanakatwa na tokeo linabaki lilipo. Tundu la thamani ya kuanzia, IC, kwa kawaida nalo hugeuza alama: ukitaka kuanza na +8 V, unaingiza −8 V. Tena usikimbilie kukokotoa. Kapasita ya 1 µF ikichajiwa kupitia 100 kΩ inahitaji takriban sekunde 1 ili ifike ndani ya 0.01% ya thamani inayotakiwa.

Tuchukue uzito unaoning'inia kwenye springi, y″ = −4y, katika mashine ya volti ±10. Hapa y ni umbali wa uzito kutoka mahali pake pa kutulia, y′ ni kasi yake, na y″ ni kiasi ambacho kasi hiyo inabadilika. Tunaanza na y ya 8. Kasi ya uzito huu kwa namba inafika mara mbili ya y kubwa kabisa, yaani 16, kwa hiyo tokeo likibeba y′ moja kwa moja litavuka volti 10. Tunaliwakilisha kwa V = y′/2, na y kwa Y. Sasa Y inabadilika kwa kiasi cha 2V, na V kwa kiasi cha −2Y. Tunatumia integreta mbili, ya kwanza inatoa V na ya pili Y. Kila moja inahitaji ukuzaji wa 2: weka potensiometa (rezista ya kuzungusha inayopitisha sehemu tu ya volteji) kwenye 0.2, kisha ingia tundu la 10.

Waya zipite hivi. Tokeo la integreta ya pili, Y, liende kwenye potensiometa ya kwanza, kisha tundu la 10 la integreta ya kwanza, inatoka V. V ipite kwenye kigeuza alama (amplifaya inayobadili chanya kuwa hasi bila kulimbikiza), kisha potensiometa ya pili, kisha tundu la 10 la integreta ya pili, inatoka Y. IC ya pili ipewe −8 V, ya kwanza iachwe sifuri. Tokeo litapanda na kushuka kati ya +8 V na −8 V, mzunguko mmoja kwa sekunde 3.14.

Hesabu amplifaya zilizomo kwenye kitanzi hiki: ni tatu, idadi witiri. Ukikiruka kigeuza alama zinabaki mbili, na mlinganyo unakuwa y″ = +4y. Y haitayumba, itakua tu, na kufika volti 10 baada ya sekunde 0.35 hivi.

Potensiometa zirekebishwe baada ya waya zote kuchomekwa, kwa kupima volteji, si kwa kutazama namba za kitufe cha kuzungushia. Potensiometa ya 10 kΩ ikiwa kwenye 0.2 na kulishia 100 kΩ, inatoa 0.197 tu. Zote mbili zikiwa hivyo, mzunguko unachelewa kwa 1.6% hivi, kosa ambalo jicho haliligundui kwenye grafu.

Ukibadili kapasita kuwa 0.001 µF, kila kitu kinakwenda mara 1000 haraka na mchoro unatulia kwenye osiloskopu. Badilisha za integreta zote kwa pamoja. Ukiacha moja, huo ni mlinganyo mwingine.

Adui wa majaribio marefu ni kuteleza kwa tokeo. Kosa la 1 mV kwenye ingizo la amplifaya, likipitia 100 kΩ na 1 µF, linasogeza tokeo 10 mV kila sekunde. Kwa sekunde 10 umeshapoteza 1% ya kipimo chote. Sawazisha sifuri mashine ikishapata joto, na usitumie kapasita za elektroliti, kwani zinavuja. Za polistaireni zinafaa zaidi. Waya unaoingia tundu la SJ, yaani ingizo la amplifaya lenyewe, uwe mfupi kabisa, maana hunasa mvumo wa umeme wa jengo.