Maskhara ya siasa kwenye televisheni: yasemwayo barazani na yalivyo

Pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe wa Zanzibar, kikombe mkononi, kila mtu ni mchekeshaji wa siasa. Kazi yenyewe kwenye televisheni ni kitu kingine, na mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

"Kuwacheka wakubwa ni mambo ya Wamarekani."

Ngoma ya beni, inayopigwa kwenye harusi zetu mpaka leo, ilizuka mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuziigiza bendi za kijeshi za wakoloni. Kibati cha Pemba ni majibizano ya papo kwa papo juu ya ngoma. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliimba kuhusu mahakama ya wakati wake: muuaji katoroka, mashahidi ndio wakaingia jela. Kilichotoka Marekani ni umbo tu, yaani mtu kukaa mezani kama msomaji wa habari, kuonesha klipu, kisha kuikodolea macho kamera. Mchekeshaji Jon Stewart alilikamata umbo hilo mwaka 1999 alipokichukua kipindi cha The Daily Show, na daktari wa upasuaji wa moyo, Bassem Youssef, akalianzisha Misri kwenye YouTube mwaka 2011.

"Mcheshi wa barazani akipewa kamera, kipindi kimepatikana."

Hii ndiyo dhana inayoua vipindi vingi. Barazani wasikilizaji wanamjua mheshimiwa, wanalijua tukio, na msemaji anaziona nyuso zao. Mbele ya kamera hakuna hata kimoja katika hayo. Kwa hiyo kichekesho cha siasa hujengwa kwa sehemu tatu: taarifa (nani kasema nini, lini), kisha jambo linalogongana nayo, ndipo kijembe. Wanaoanza hurukia kijembe. Mtazamaji wa Micheweni, kule Pemba, ambaye hakuisikia hotuba hacheki, wala si kwamba ni mgumu wa kucheka. Hakupewa sehemu ya kwanza.

Tuseme kiongozi aliahidi maji yatafika mtaani ndani ya miezi 3, na leo ni mwaka wa pili. Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi huwa: "Huyu mwongo mkubwa!" Hayo ni matusi, hayachekeshi, na yanatafuta kesi. Sasa onesha klipu yenye tarehe, onesha ndoo zilizopanga foleni, halafu sema kwa utulivu: "Hiyo miezi 3 tumeitafuta kwenye kalenda ya Hijria, hatukuiona. Ya Kizungu, hatukuiona. Imebaki ya Mwaka Kogwa. Tumeshatuma mtu Makunduchi." Hakuna aliyetukanwa, na hesabu kaifanya mtazamaji mwenyewe. "Makunduchi", kijiji kinachosherehekea Mwaka Kogwa, yaani mwaka mpya wa jadi, imekaa mwisho kwa makusudi. Ukiongeza hata neno moja la kufafanua, kijembe umekitia maji.

Kisha kuna saa. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Kwa mwendo wa televisheni, dakika moja hubeba maneno kama 110 hadi 120. Sehemu ya dakika 5 isizidi maneno 500, kwa sababu klipu na vicheko navyo vinakula muda. Aliyeandika 700 atakimbia, na akikimbia atazungumza huku watazamaji bado wanacheka.

"Klipu ni klipu, kata uonavyo."

Klipu inayofaa ni ya sekunde 10 hadi 20, lakini anayeikata lazima awe ameitazama hotuba nzima, au angalau dakika 2 kabla na 2 baada ya sentensi anayoitaka. Mara nyingi utakuta mheshimiwa alikuwa anamnukuu mpinzani wake. Andika tarehe, kituo na dakika yenyewe, na faili kamili lihifadhiwe. Maneno ya Baraza la Wawakilishi yalinganishwe na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za vikao. Anayeona haya ni kazi ya mwandishi wa habari hajakosea sana.

"Ni utani tu, sheria haihusiki."

Inahusika, na si moja. Kituo cha Zanzibar kinawajibika kwa Tume ya Utangazaji, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Msanii na kazi yake wako chini ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU. Ukipandisha kipande mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika hadi Visiwani. Kifungu chake cha 16, kuhusu taarifa za uongo, kina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2019 mchekeshaji Idris Sultan alibadilishana sura na Rais Magufuli kwenye picha, akatakiwa kuripoti polisi.

Hatari kubwa zaidi ni taarifa ya kubuni iliyotengenezwa ifanane na ya kweli. Mtu anaipiga picha kwenye skrini, anaikata, nembo ya kipindi inabaki nje, na ikifika kundi la tatu la WhatsApp imeshakuwa habari. Neno MASKHARA liandikwe katikati ya picha, si pembeni.

"Kuiga lafudhi ya Kipemba ni kejeli ya siasa."

Si siasa, ni uvivu. Anayechekwa hapo ni muuza karafuu, na mwenye madaraka yuko salama nyumbani kwake.

"Mwisho wa wachekeshaji ni kugombea uongozi."

Wapo: Zelensky alishinda urais wa Ukraine mwaka 2019, na John Kiarie wa Redykyulass, kundi la vichekesho la Kenya, aliingia bungeni mwaka 2017. Wengi zaidi hubaki jukwaani.

"Ukishapata umaarufu, huguswi."

Stewart alikuwa na kipindi kingine kabla ya kile kilichompa jina. Kilifutwa mwaka 1995. Wadhamini wengi hukwepa siasa, kwa hiyo kipindi kinaweza kuwa na watazamaji tele na kisiwe na tangazo. Umaarufu wa Youssef ulikuwa mkubwa sana wakati ule. Machi 2013 waendesha mashtaka walimhoji, akaachiwa kwa dhamana ya pauni 15,000 za Misri. Novemba kituo chake kikasimamisha kipindi. Februari 2014 akarudi kwenye kituo kingine, na Juni mwaka huohuo akatangaza mwenyewe kwamba amekifunga kipindi.