"Dokta, usimwambie": dhana potofu kuhusu kijana mwenye saratani iliyosambaa

Wiki hii nimevutwa pembeni koridoni mara tatu: na mama, na kaka mkubwa, na shangazi, kila mmoja wa mgonjwa wake. Ombi ni lilelile. "Dokta, nakuomba sana, usimwambie. Akijua atakata tamaa." Uchungu wao nauelewa. Lakini nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama, kwa hiyo nalijibu hapa.

Kijana wa miaka 19 ana simu, na majina ya dawa zake ameshayatafuta. Ameona suruali inamshuka kiunoni. Ameona maongezi yanakatika akiingia chumbani, na ndugu ambao hakuwaona miaka mingi wanakuja kumjulia hali. Anajua. Asichojua ni amuulize nani. Tena wengi, tukibaki wawili, huniomba: "Mama asijue kwamba ninajua." Nyumba nzima inaigiza, na anayeumia zaidi ni mgonjwa: maumivu yakizidi usiku ananyamaza, maana akisema atawaliza.

Huko Sweden waliulizwa wazazi waliofiwa na watoto na vijana kwa saratani, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na mtoto wao kuhusu kifo. Hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta.

Na kusema ukweli si kumtajia miezi iliyobaki. Anza kwa kumuuliza, "Wewe unaionaje hali yako?" kisha nyamaza. Nyamaza kweli, usimjazie maneno. Halafu muulize angependa kujua kiasi gani, na nani awepo. Wapo wasiotaka kujua yote, na ni haki yao, ilimradi wamechagua wenyewe, hawakuchaguliwa na shangazi. Wenzangu hunicheka kwa ushauri huu, lakini siuachi: msikalishane mkatazamana kama mahakamani. Kaa ubavuni pake, mkiosha vyombo au mkitembea taratibu. Vijana husema mengi pale wasipokaziwa macho. Na mara nyingi kinachotoka si kifo. Ni mtihani, ni nywele, ni mpenzi ambaye hajui amwambie nini, ni swali kama angeweza kupata mtoto. Haya yote yanazungumzika, ila yanataka muda, na muda huo ndio tunaoupoteza koridoni.

Zipo na dhana nyingine. "Tiba shufaa ni ya siku za mwisho." Si kweli. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso mengine, inaanza pamoja na tibakemikali, haiji kuiondoa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioipata mapema pamoja na matibabu yao ya kawaida walikuwa na hali bora ya maisha na sonona kidogo, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6, kwa wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu ilikuwa miezi 8.9. Wengi wao hawakuwa vijana, nakubali, lakini sijaona sababu ya kijana kucheleweshewa nafuu.

"Mofini itamfanya teja, au itamuua haraka." Mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu, haiharakishi kifo. Mwili kuizoea si uteja. Usingizi wa mwanzoni hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo, wala sibishani na mtu kuhusu hilo. Ile ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kungoja alie kwanza. Kuiweka kabatini "mpaka azidiwe" ni kumtesa tu.

"Aache masomo, apumzike." Kulala mchana kutwa huuongeza uchovu wa saratani, kutembea kidogo kila siku huupunguza. Akitaka kuhudhuria kipindi kimoja darasani kisha arudi kulala, mpelekeni. Ila kabla hajarudi uwanjani, ulizeni kwanza kama saratani imeingia mifupani, maana mfupa uliodhoofika huvunjika hata kwa kujikwaa.