Picha Nayo Husomwa: Vitabu vya Maarifa katika Darasa la Msingi

Kitabu chenye picha kikitajwa, walimu wengi wa shule za msingi jijini Dar es Salaam hufikiria kwanza hadithi za sungura na fisi. Vitabu vya maarifa, yaani vile vinavyoeleza mambo ya kweli kama maisha ya mbu, mikoko au kazi za wavuvi wa soko la samaki la Feri, hukaa kabatini vikimsubiri mthibiti ubora wa shule. Hata vinapotolewa, mwalimu husoma maandishi, huinua picha ionekane mara moja, kisha hufunua ukurasa unaofuata, kana kwamba picha ni pambo tu. Lakini katika vitabu hivi sehemu kubwa ya maarifa imo ndani ya mchoro, na mchoro una kanuni zake za kusomwa ambazo mtoto hazaliwi nazo.

Tuchukue mchoro wa ukuaji wa mbu: yai, kiluwiluwi, pupa na mbu kamili, vikiwa vimeunganishwa kwa mishale inayozunguka. Nikiwa nimeketi nyuma ya darasa la tatu katika shule moja, nilimsikia mwanafunzi akieleza kwa ujasiri kwamba mbu akizeeka hurudi kuwa yai. Mishale aliisoma sawasawa. Ila hakuna aliyemweleza kwamba ule wa mwisho maana yake ni kutaga. Mwenzake aliamini kuwa kiluwiluwi ni kinene kama kidole, kwa sababu ndivyo kilivyochorwa.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma maandishi, mwalimu awaachie wanafunzi dakika chache za kuutazama mchoro, kisha aulize: mnaona nini, na mmejuaje? Swali la pili ndilo lenye uzito, kwa kuwa humlazimu mtoto kuonyesha kwa kidole mahali alipopata jibu. Ikiwezekana, chupa ya maji yaliyotuama kwenye tairi bovu iwekwe kando ya kitabu. Hapo wataona kwamba viluwiluwi vya mbu wa aina ya kuleksi na aedesi huning'inia kichwa chini vikipumua kwa mrija ulio mkiani, ilhali vya anofelesi, vikiwamo, hulala sambamba na uso wa maji, na ukubwa halisi utajieleza wenyewe. (Chupa ifunikwe kwa kipande cha chandarua, na maji yamwagwe juani kwenye mchanga mkavu kabla pupa hazijawa mbu.) Katika jiji lililokumbwa na mlipuko wa dengue, homa inayoenezwa na mbu, mwaka 2014 na tena 2019, somo hili halihitaji kutafutiwa sababu.

Mara nyingi nakala ni moja na wanafunzi ni wengi. Mchoro unaweza kunakiliwa kwenye karatasi ya manila, kila sehemu ikapewa namba inayolingana na neno lililoandikwa pembeni. Ni mbinu ya zamani, ambayo Comenius, mwanaelimu wa karne ya 17, aliitumia katika kitabu cha watoto kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1658. Kitabu chenyewe kizungushwe kwa vikundi.

Mwishoni mwa kipindi, wanafunzi wafunge kitabu, wachore upya kwa kumbukumbu na kuandika kitenzi juu ya kila mshale: huanguliwa, hugeuka, huruka, hutaga. Atakayeacha mshale mmoja bila kitenzi amekwisha kumwonyesha mwalimu mahali pa kuanzia kesho.